Pini ya kilti: igeuze kwanza uone mgongo wake

Siku mbili kabla ya harusi yake mjini Stirling, huku Uskoti, mtoto wa kaka yangu alinipigia simu usiku.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imepoa hivyo?"

Alikuwa ameijaribu kilti yake, ile nguo ya wanaume wa Kiskoti inayofanana na sketi, akapanda ngazi za nyumbani kwa wakwe, akasikia kitambaa kinachanika. Nikamuuliza swali moja tu: "Pini umeipitisha tabaka moja au mawili?" Akasema mawili, ili nguo isije ikafunguka mbele za watu. Basi, nikajua kilichotokea. Tundu la namna hiyo nimelifuma mara nyingi mno katika miaka yangu ya kushona na kutengeneza kilti hapa Glasgow, na karibu kila mara mwenye nguo hakuwa mzembe. Hakuna aliyemweleza.

Ndiyo sababu naandika haya, kwa ajili ya ndugu zetu wanaooa huku, wanaohitimu huku, au wanaoalikwa kwenye karamu ya kumkumbuka mshairi Burns tarehe 25 Januari na kuambiwa waje na vazi la Kiskoti. Pini ni kitu kidogo, lakini ikichaguliwa vibaya inaharibu nguo ya gharama kubwa, na ikichaguliwa vizuri utamwachia mwanao.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Pini ya kilti ni pambo, kwa kawaida la metali, lenye urefu wa sentimita 7 hadi 10 hivi, lenye sindano nyuma. Hubanwa kwenye pembe ya chini ya kilti, mbele, upande wa kulia wa mvaaji. Wengi hudhani ni kifungo. Si kifungo. Kilti hushikwa kiunoni na mikanda ya ngozi yenye bizimu, moja nyonga ya kushoto na moja au mbili nyonga ya kulia. Ukiivua pini, kilti itabaki palepale.

Hatua ya 1: Ijue nguo yako

Usianze na duka la mapambo. Anza na kilti yenyewe, iwe yako, ya kuazima au ya kukodi.

Kilti kamili ya mwanamume hushonwa kwa takriban yadi 8 za tartani, kile kitambaa cha Kiskoti chenye miraba ya rangi, yaani zaidi kidogo ya mita 7. Sehemu kubwa ya kitambaa hicho huishia nyuma, kwenye marinda. Mbele hakuna rinda hata moja. Kuna matabaka mawili yaliyonyooka: la ndani huanzia kulia kwenda kushoto, na la nje hulifunika kutoka kushoto kuja kulia, karibu kama unavyojifunga kikoi. Ukingo wa hilo tabaka la nje huachwa na matamvua. Pini inakaa hapo, jirani na matamvua, na inashika tabaka la nje peke yake.

Sasa shika kitambaa kati ya vidole. Tartani ya sufu hupimwa kwa aunsi kwa kila yadi. Ya aunsi 16 ni nzito, inaanguka vizuri, na wapiga zumari wengi huipenda. Ya aunsi 13 ndiyo ya katikati, ya harusi na shughuli nyingi. Ya aunsi 10 au 11 ni nyepesi. Kisha kuna kilti za bei nafuu zilizofumwa kwa poliesta na viskosi. Uliza dukani, wanajua. Kama ni ya kukodi, uliza pia kama pini imo kwenye seti, maana mara nyingi imo, na huenda safari yako ikaishia hapo.

Kwa nini uzito? Kwa sababu pini nzito juu ya kitambaa chepesi huivuta pembe ya nguo ikaning'inia kama sikio la mbuzi, na kila picha itaonyesha hivyo. Juu ya aunsi 16, pini hiyohiyo inatulia. Tena sufu ina huruma: tundu dogo la sindano nyembamba hujifunga ukilipitishia mvuke wa pasi na kulisugua kwa ukucha. Poliesta haina huruma hiyo. Kwenye kilti ya poliesta tafuta pini nyepesi yenye sindano nyembamba, na uivae mahali palepale kila mara.

Utasikia simulizi kwamba Malkia Victoria, siku ya upepo kwenye kasri lake la Balmoral, alimwona askari aliyekuwa akihangaika na kilti yake, akachomoa pini kwenye vazi lake mwenyewe akambania. Ni hadithi ya kupendeza na Waskoti wanaipenda, ila si historia iliyothibitishwa. Tena ukiitia pini kwenye mizani utaona ni gramu chache tu mbele ya mita 7 za sufu. Upepo wa Edinburgh hauzuiwi na pini. Marinda yaliyoshonwa vizuri na kitambaa kizito ndivyo vinavyouzuia.

Hatua ya 2: Chagua alama unayoweza kuieleza

Mtu atakuuliza. Huku pini ya kilti ni mwanzo wa mazungumzo kama lilivyo jina la kanga kwetu: mama akiiona kanga yako anasoma maandishi yake kabla hajakuuliza hali. Kwa hiyo chagua alama ambayo utaweza kuieleza bila kubabaika.

Alama zinazoonekana zaidi ni upanga, jambia, ua la mbaruti, kichwa cha kulungu dume, mafundo ya Kiselti, yaani ya Waselti wa kale, yasiyo na mwanzo wala mwisho, na msalaba wa mshazari wa Mtakatifu Andrea, ambaye siku yake ni tarehe 30 Novemba. Upanga ndio wa kawaida kuliko zote, pengine kwa sababu umbo lake refu jembamba linakaa vizuri kando ya matamvua.

Mimi nina mapenzi na mbaruti. Jina lake limo katika Injili, pale Yesu anapouliza kama watu huchuma tini katika mibaruti. Waskoti wameufanya nembo ya taifa. Wanasimulia kwamba maadui kutoka Norwei walinyemelea usiku miguu wazi, mmoja akakanyaga mbaruti, akapiga kelele, na wenyeji wakaamka. Hiyo nayo ni simulizi, wengi wanaiunganisha na vita vya Largs vya mwaka 1263. Mmea wa porini, wenye miiba, usiopandwa na mtu, na ndio uliopewa heshima hiyo. Mgeni akiuvaa hamkosei mtu yeyote. Ni nembo ya nchi nzima.

Nembo za koo ndizo zinazohitaji uangalifu. Utaziona madukani kwa mamia: duara la mshipi wenye bizimu, ndani yake kichwa cha mnyama au mkono ulioshika silaha, na maneno ya ukoo juu ya mshipi. Campbell wana kichwa cha nguruwe mwitu na maneno ya Kilatini "Ne Obliviscaris", yaani usisahau. Gordon wana kichwa cha kulungu na neno la Kiskoti "Bydand", lenye maana ya kudumu pasipo kutikisika. Mchoro ule wa katikati ni mali ya chifu wa ukoo. Ule mshipi unaouzunguka ndio unaosema kwamba mvaaji si chifu, bali ni mtu wake, anayemtambua. Ukiona nembo yenye manyoya matatu ya tai, hiyo ni ya chifu mwenyewe. Mambo haya yana mamlaka yake kisheria, chini ya Lord Lyon mjini Edinburgh, ambaye ndiye msimamizi wa nembo zote za Uskoti.

Basi je, mtu wa Tanga au Bukavu avae nembo ya ukoo? Maoni yangu ni haya. Kama umeoa au umeolewa katika ukoo huo na wakwe wamekupa pini kwa mikono yao, ivae kwa furaha. Hiyo ni ndoa, nawe umekuwa mtu wao. Kama umeiona tu dirishani ukapenda yule nguruwe, iache, chukua mbaruti au fundo la Kiselti. Hakuna polisi atakayekukamata, lakini kuvaa nembo ni kutamka kwamba wewe ni wa nyumba fulani, na mwenye nyumba anaweza kuwa meza ya pili ukumbini.

Beji za vikosi vya jeshi sizijadili kwa kirefu. Kama hukutumikia kikosi hicho, au mzee wako hakukitumikia, usivae beji yake.

Kwa mwanamke, au kwa bwana harusi anayetafuta zawadi ya bibi harusi, kuna bruchi, yaani pambo la kubana kwenye nguo, inayoitwa Luckenbooth: moyo mmoja au mioyo miwili iliyofungamana, mara nyingi na taji juu. Jina linatokana na vibanda vya kufungwa kwa kufuli vilivyokuwa karibu na kanisa la St Giles mjini Edinburgh, ambako mafundi wa fedha waliuza vitu vyao. Wapenzi walipeana, kisha mtoto akizaliwa bruchi ileile ilibanwa kwenye shali yake kumkinga na jicho baya. Wanawake wa pwani hamhitaji maelezo zaidi.

Na kama alama zote zinakuchanganya, kuna pini ya kawaida kabisa: ile ya kujikunja kama pini ya nepi, ila kubwa na nene, bila pambo lolote. Muundo wake unafuata pini iliyosajiliwa na Mmarekani Walter Hunt mwaka 1849, aliyeuza haki yake kwa dola 400 tu. Juu ya tartani yenye rangi nyingi inapendeza kuliko mapambo mengi ninayoyaona. Mtu akiniambia hajui achague nini na harusi ni kesho, hiyo ndiyo ninayomshikisha.

Hatua ya 3: Metali na mahali unapokwenda

Tazama vitu vingine utakavyovaa. Mbele ya kilti kuna sporani, ule mkoba wa ngozi, na mara nyingi una pambo la metali juu. Kuna bizimu ya mkanda, kuna vifungo vya koti. Pini ifanane na hivyo kwa rangi. Dhahabu peke yake katikati ya fedha itaonekana imepotea njia.

Mchana, na koti la sufu la rangi ya udongo, metali isiyong'aa inafaa: pyuta, shaba iliyokolea, au pembe ya kulungu iliyokatwa na kung'arishwa. Kulungu hudondosha pembe zake kila mwaka, kwa hiyo pembe hupatikana bila kumchinja mnyama. Usiku, na koti jeusi fupi lenye vifungo vya fedha, vaa kinachong'aa.

Pyuta ni aloi ambayo sehemu kubwa yake ni bati, ikiongezwa antimoni na shaba. Ndiyo metali ya pini nyingi nzuri za bei ya wastani. Rangi yake ni ya kijivu tulivu, inabeba michoro midogo vizuri, haichakai haraka. Udhaifu wake ni ulaini: ukiikalia inapinda. Pyuta ya zamani sana inaweza kuwa na madini ya risasi ndani yake, ambayo ni sumu, kwa hiyo ukinunua ya kale usimwachie mtoto aitie mdomoni.

Zile zinazong'aa kama kioo kwa bei ndogo ni aloi ya zinki au shaba ya njano iliyopakwa kromu. Si mbaya kwa siku moja. Ila mpako ukianza kubanduka hakuna fundi atakayeurudisha kwa bei inayofaa, na huwezi kuichonga jina.

Fedha halisi ina habari nyingi, na habari zake zote ziko nyuma. Ndipo tunapokwenda.

Hatua ya 4: Igeuze

Hapa ndipo ninapotaka utulie. Muuzaji anakuonyesha uso wa pini kwa sababu uso ndio unaouza. Wewe ichukue, igeuze, umpe mgongo wake muda zaidi kuliko uso.

Anza na sindano. Pitisha ncha taratibu kwenye kipande cha kitambaa cha kujaribia, si kwenye kilti. Iingie bila kusukumwa. Ikikwama, ncha ni butu au ina ukwaru, na itakata nyuzi badala ya kupita katikati yake. Unene wake nao: sindano nene kama msumari mdogo ni ya blanketi, si ya sufu iliyofumwa kwa kubana. Kisha tazama kama imenyooka. Ikiwa imepinda hata kidogo, itavuta kitambaa na kukiwekea kikunjo ambacho hakitatoka siku nzima.

Halafu kishikizo, pale ncha inapoingia. Zipo namna tatu kuu. Ya kwanza ni kulabu tu, umbo la herufi C, haina kufuli. Utaiona kwenye vitu vya kale, na hiyo ndiyo inayowapotezea watu pini kwenye dansi. Ya pili ina kipete kinachozunguka na kuifunika ncha, nayo ni salama. Ya tatu ni ile ya pini ya nepi, sindano inabanwa na chemchemi yake yenyewe. Funga na ufungue mara kumi palepale dukani. Kama kipete kimelegea, kataa, au nunua ukijua kwamba unampelekea sonara moja kwa moja.

Kisha bawaba, na jambo hili sijamsikia muuzaji yeyote akilieleza. Tazama bawaba iko juu au chini ukishika pini kama itakavyovaliwa. Iwe juu, ncha ielekee chini. Sababu ni nyepesi: kishikizo kikifunguka wakati unacheza, pini ikivutwa na uzito wake itazidi kuzama kwenye kitambaa hadi bawaba iizuie. Bawaba ikiwa chini na ncha juu, uzito uleule unaichomoa sindano, na pini inadondoka bila wewe kujua. Nimewaona watu wakipiga magoti na tochi ukumbini saa sita usiku wakitafuta pini ya fedha ya babu yao.

Mwisho soma alama. Chukua kioo cha kukuzia, au piga picha kwa simu ukuze. Fedha iliyopimwa Uskoti ina chapa ya ngome yenye minara mitatu, ambayo ni ya Ofisi ya Upimaji ya Edinburgh. Upimaji wa fedha na dhahabu nchini Uskoti ulianza kisheria mwaka 1457. Pamoja na ngome utaona herufi za fundi au mfanyabiashara aliyepeleka kitu kupimwa, na namba 925, maana yake sehemu 925 katika 1000 ni fedha safi. Kwenye vitu vya Edinburgh vya kuanzia mwaka 1759 hadi 1974 badala ya namba hiyo utakuta ua la mbaruti. Nanga ni Birmingham, uso wa chui ni London. Ukikuta nanga usishtuke wala usidhani umetapeliwa: mapambo mengi "ya Kiskoti" yametengenezwa Birmingham kwa vizazi. Ila usilipie bei ya kitu cha Edinburgh. Na kama fedha ina uzito chini ya gramu 7.78, sheria ya Uingereza haimlazimishi muuzaji kuipiga chapa, kwa hiyo pini ndogo isiyo na chapa si lazima iwe bandia.

Herufi EPNS maana yake ni mpako mwembamba wa fedha juu ya metali nyingine. Metali hiyo ya chini huitwa fedha ya nikeli, na ndani yake hamna fedha hata chembe. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Inapendeza, inadumu, lakini bei yake isiwe ya fedha.

Kuna pini zenye jiwe la kahawia au la rangi ya asali, lijulikanalo kama Cairngorm, kwa jina la milima ya kaskazini mashariki lilikochimbwa. Ni aina ya kwazi (quartz), jiwe la asili. Mengi yanayouzwa leo ni kioo. Liinue kwenye mwanga utafute viputo: vikiwa vya duara ndani ya jiwe, ni kioo. Tazama kingo pia, kioo huchubuka mapema.

Mgongo wa bruchi umekuwa ukibeba siri za wenyewe tangu zamani. Nenda Makumbusho ya Taifa ya Uskoti mjini Edinburgh, kiingilio ni bure, uone bruchi ya Hunterston. Ilitengenezwa karibu mwaka 700 kwa fedha na dhahabu na kaharabu, kwa nyuzi za dhahabu nyembamba ajabu. Karne kadhaa baadaye, mtu aliyeimiliki alichora nyuma yake kwa runi, herufi za kale za watu wa kaskazini mwa Ulaya, kwamba ni mali ya Melbrigda. Uso haukuguswa. Jina limewekwa mgongoni.

Bruchi hiyo, hata hivyo, si pini ya kilti. Zamani watu wa milimani walijifunga blanketi kubwa la tartani mwilini mzima na kulibana begani, na bruchi kubwa za duara ndizo zilizofanya kazi hiyo. Ukizikuta kwenye maduka ya vitu vya kale, usishawishike kuibana moja chini ya kilti. Mahali pake ni begani.

Hatua ya 5: Wapi pa kutafuta

Watalii wote huanzia Royal Mile, ile barabara ya Edinburgh inayoshuka kutoka ngomeni. Pini ziko kila mlango, nyingi ni za kromu, na kwa siku moja zinatosha. Kwa pauni zilezile, au kidogo zaidi, washona kilti wenyewe huuza za pyuta zilizo bora. Ingia kwenye karakana zao, siyo maduka ya zawadi. Watakuruhusu ubane pini kwenye kipande cha tartani uone inavyokaa, jambo ambalo duka la zawadi halifanyi.

Glasgow nenda soko la Barras, mwisho wa wiki, mapema. Vilevile maduka ya hisani, yale yanayouza vitu vilivyotolewa sadaka: familia zikifunga nyumba ya mzee, pini yake huishia kwenye kisanduku cha mapambo kaunta ya mbele. Nimepata humo pini mbili za fedha za Edinburgh kwa bei ya chakula cha mchana. Leta kioo chako cha kukuzia.

Kuanzia Mei hadi Septemba kuna michezo ya Highland, yaani michezo ya jadi ya Kiskoti, kila upande wa nchi. Ile ya Braemar hufanyika Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Kandokando ya uwanja hukaa mafundi na meza zao, na unazungumza na mtu aliyekichonga kitu kwa mkono wake. Kama unapenda kazi ya fedha ya visiwani, Orkney ina mafundi wengi. Na ukikutana na kazi ya Alexander na Euphemia Ritchie wa kisiwa cha Iona, waliofanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20, hapo unashika kitu cha wakusanyaji. Lipa kwa risiti.

Kama uko Mwanza, Nairobi au Muscat na unanunua mtandaoni, omba picha tatu: uso, mgongo, na pini ikiwa kando ya rula. Muuzaji asiyetaka kukuonyesha mgongo, mwache.

Hatua ya 6: Kuibana

Vaa kilti kwanza, ukiwa na soksi, viatu na sporani, kisha simama wima mbele ya kioo. Mwombe mtu akusaidie, maana ukiinama mwenyewe nguo inasogea na pini itakaa mshazari.

Ingiza mkono wa kushoto kati ya matabaka mawili, kiganja kikiwa nyuma ya tabaka la nje. Mkono huo ndio ulinzi wako: sindano haiwezi kufika tabaka la ndani bila kukuchoma wewe. Pima sentimita 4 au 5 kutoka kwenye matamvua kuingia ndani, na mwisho wa chini wa pini uwe sentimita 7 hadi 10 juu ya pindo. Tafuta mstari wa tartani uliosimama karibu na hapo, pini iufuate. Mstari huo ni rula uliyopewa bure na mfumaji.

Ingiza ncha, ichukue kitambaa kidogo, itoke, funga. Kitambaa kilichoshikwa kikiwa kingi kitatengeneza tumbo. Kama kilti ni nyepesi, weka nyuma kipande kidogo cha sufu ya rangi ileile, ukubwa wa stempu ya barua, sindano ipite humo pia. Kinabeba uzito badala ya nguo.

Sasa nyanyua tabaka la nje. Likinyanyuka peke yake, umepatia. Likivuta la ndani, fungua uanze upya. Keti, simama, panda ngazi. Ukipiga hatua, matabaka haya mawili huenda kila moja njia yake, na hapo ndipo pini iliyoyashona pamoja huchana.

Upanga, ncha juu au chini? Watu huvaa kwa namna zote mbili na kila mmoja ana sababu yake. Mimi hufuata bawaba.

Sketi za tartani za wanawake ni habari nyingine. Baadhi ni nyepesi, na pini imewekwa kweli ili mpasuo usifunguke. Hapo unaweza kushika matabaka yote mawili, lakini iwe juu kidogo, usawa wa paja, na sindano iwe nyembamba.

Hatua ya 7: Ukirudi nyumbani

Vua pini kabla hujavua kilti, na kabla pasi haijawashwa. Pyuta huyeyuka kwa joto dogo kuliko metali nyingi, na alama ya metali ya moto haitoki kwenye sufu. Pyuta na kromu huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha hukaushwa palepale. Fedha isugue kwa kitambaa chake, usiitumbukize kwenye dawa kama ina jiwe. Pembe ya kulungu usiiloweke, ipake tone la mafuta. Hifadhi pini ikiwa imefungwa, ndani ya mfuko laini, si kwenye sporani pamoja na funguo.

Kilti ya mtoto wa kaka yangu niliifuata kwa treni asubuhi yake. Nilichomoa nyuzi kwenye pindo la ndani, nikafuma tundu uzi kwa uzi, mwekundu juu ya mwekundu, kijani juu ya kijani, hadi saa tisa alasiri. Baba mkwe alikaa jikoni akinitazama muda wote. Nilipomaliza akaenda chumbani, akarudi na pini ya fedha ya baba yake, mbaruti, ngome mgongoni, bawaba juu. Akaniuliza kama kipete bado kinashika. Kilishika. Wiki iliyofuata waliipeleka kwa mchongaji, na nyuma yake, chini ya ngome, sasa pameandikwa majina mawili: Tanga na Stirling.